Mpaka Ndege Waende Baharini

Trondheim, 28 Machi 1957

Mama yangu mpenzi,

Nakusalimu, nikitumaini bega lako limepona na paa la banda la mashua halikuondoka na ile dhoruba tuliyoisikia redioni. Mimi mzima, ila nimechoka. Kiwandani nimeacha kazi. Kusimama kutwa kwenye samaki wa makopo kumeishinda miguu yangu. Usihofu, sikufukuzwa.

Mama, nataka kuuliza. Naweza kuja nyumbani mwishoni mwa Aprili nikae kidogo? Si siku mbili tatu. Wiki kadhaa, pengine zaidi. Najua ni msimu wa ndege, wale bata wa baharini wanaopanda kutaga kwetu, lakini nimekulia humo. Najua kutembea bila kukimbia na kufunga mlango kwa ncha za vidole. Nitalala chumba cha juu na nitakusaidia kukausha mwani wa viota.

Ninalo jambo la kukuambia. Ni la ana kwa ana, barua hailiwezi.

Nijibu mapema, tafadhali.

Mwanao,
Solfrid


Grønnvær, 11 Aprili 1957

Solfrid mwanangu,

Bwana akulinde huko uliko. Barua yako Peder wa mashua ya posta aliileta Alhamisi iliyopita, na imekaa wiki nzima chini ya sahani ya siagi, kila nikipaka mkate naisoma upya.

Ndege wamekuja! Jumanne asubuhi nilikuwa nakamua, nikasikia kule majini ule mguno wao, kama wanawake wanaosengenya nyuma ya ukuta wakishangaa wanayoambiana. Nikaiacha ndoo, nikaenda mlangoni na machozi yangu. Nina miaka hamsini na mbili na kila mwaka nalia vilevile. Wametoka mbali baharini, bahari yote ni yao, wakachagua kuja kukaa na sisi.

Nyumba zao zote ziko tayari. Mwani nimeugeuza juani mara tatu hadi ukawa mkavu wa kulalia mtoto mchanga. Vile vijumba vya mawe alivyojenga baba yako nimevifagia, na masanduku ya mbao nimeyatazamisha mbali na upepo. Na lile jike kuukuu, lile lenye ubavu mweupe, limechagua tena nyuma ya mlango wetu wa mbele, ndani kabisa, penye viatu. Kwa hiyo mlango umefungwa hadi Juni, na mimi naingia na kutoka kwa dirisha la jikoni, kwa umri huu na kwa makalio haya. Jirani yangu Lovise aliniona nimekwama nusu ndani nusu nje, akacheka kimyakimya mpaka akakaa chini.

Peder naye anazima injini mbali, kwenye mwamba wa nje, anapiga makasia. Ananiambia, "Mama Gudlaug, hapa kwenu nanong'ona kuliko nilivyomnong'oneza mke wangu siku za uchumba." Nikamwambia pengine ndiyo sababu mkewe alimkubali, hakusikia vizuri.

Sasa hili la kuja. Mwanangu, usije kwa sasa. Unajua taratibu zetu. Ndege wakishapanda nchi kavu, mtu mpya hakanyagi. Hawa wanatambua nguo mbili tu, za kwangu na za Lovise, zile zile tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho. Nyundo haipigwi, nguo hazianikwi nje, mbwa nimempeleka bara. Umekaa mjini miaka mitatu, hata mwendo wako watauona mgeni. Njoo Sikukuu ya Yohane, mwishoni mwa Juni, wakishaenda baharini na watoto wao. Tutachambua pamoja manyoya wanayotuachia viotani, ndiyo mkate wetu, na kuongea mpaka tuchoke.

Nimekuwekea kwenye kifurushi soksi, samaki mkavu, na kitambaa cha sufu laini nilichofuma kipupwe hiki. Kitakufaa kwa lolote.

Kula vizuri. Usibebe vitu vizito.

Mama yako,
Gudlaug


Trondheim, 20 Aprili 1957

Mama,

Nilitaka kukwambia nikiwa nimekaa mbele yako. Haikuwezekana, basi nasema hapa.

Nina mimba. Mtoto anatarajiwa mwanzoni mwa Mei. Baba yake ni baharia, meli yake iliondoka Oktoba, na anwani aliyoniachia barua zangu zinarudi. Sikumficha mtu ila wewe. Sasa naishi kwenye nyumba ya akina mama wasio na waume, inayosimamiwa na Dada Ragna, mtu mpole anayetembea na funguo nyingi. Tunafua, tunashona, tunasali asubuhi. Hatupigwi wala hatutukanwi. Lakini usiku kila mtu analia kwa zamu yake.

Nilidhani nikija kabla ya kujifungua, nawe ukaniona, ungejua la kufanya. Wewe ndiye unayekaa kimya kando ya viota bila kuwatisha ndege.

Nauliza tena. Niruhusu nije. Mkunga wa kisiwa kikubwa angefika kwa mashua.

Solfrid


Grønnvær, 2 Mei 1957

Solfrid mwanangu,

Nimesoma. Mungu ni mwenye rehema, na wewe hujatoka mkononi mwake. Nakuombea asubuhi na jioni, hilo ulijue.

Ndege wametulia sasa. Majike yamejinyonyoa vifua na kutandika, mengine yana mayai manne, matano. Madume yameshaondoka, kama kawaida yao yanaogelea huko nje kwa makundi yakiwa na rangi zao nzuri, kazi yote wameachiwa wanawake. Jike halishuki kula siku ishirini na tano. Ukilitisha mara moja laweza kurudi, ukilitisha mara mbili linaacha mayai yapoe. Ndiyo maana nashindwa kukuita, na mkunga, na mashua ya mkunga, na kelele za uzazi. Unakumbuka baba yako alipofia hospitali ya bara mwezi kama huu. Hata yeye tulimzika kule kule, hakuja mtu hata mmoja kunywa kahawa ya msiba nyumbani kwangu. Sikuzivunja taratibu kwa ajili yake, nitafanyaje sasa?

Hapo ulipo kuna wauguzi na kuna sala. Pengine ndipo Bwana alipokuwekea.

Vumilia hadi Sikukuu ya Yohane. Tutaona.

Mama yako


Trondheim, 15 Mei 1957

Mama,

Mtoto amezaliwa tarehe nane, saa nne asubuhi. Ni msichana. Ana nywele nyeusi zilizosimama kama amestuka. Mimi ni mzima.

Kuna mwalimu na mkewe kule Steinkjer, watu wazuri, wameoana miaka kumi na moja bila mtoto. Wamepaka rangi kitanda. Dada Ragna amenieleza bila kunisukuma: kuna karatasi, nikitia sahihi atakuwa wao. Nina muda hadi tarehe nane Juni. Amesema wasichana wengi hapa wanatia sahihi kwa sababu hawana mlango wa kuingia na mtoto mkononi. Akaniuliza kama mimi ninao. Nikamjibu mlango wa kwetu una ndege nyuma yake. Akadhani natania.

Nimekuwa nafikiri, mama, nikimnyonyesha. Nakumbuka mwaka ule mwinjilisti Tolleiv alipokuja. Ilikuwa katikati ya Mei. Nilikuwa na miaka kumi na mbili. Ulimvika koti la baba la kazini, ukamtembeza nyuma yako hatua kwa hatua, akalala chumba cha juu siku tisa, akala mayai ya shakwe, na anakohoa yule! Hakuna ndege aliyekimbia. Ulisema, "Ukiwa na subira, wanamzoea yeyote."

Kwa hiyo si ndege. Ungeniambia tu si ndege.

Nitakujulisha nikishatia sahihi. Kile kitambaa cha sufu ndicho anacholalia. Asante.

Solfrid


Grønnvær, 23 Mei 1957

Mtoto wangu, mtoto wangu,

Peder anasubiri majibu. Nimemwambia akae kwenye mwamba avute kiko chake hata mara tatu, leo barua ni ndefu na mwandishi ni mzito.

Si ndege. Umesema kweli na nimejificha nyuma yao. Nilikuwa najua tangu Machi, kabla barua yako ya kwanza haijafika. Peder aliniambia, "Shemeji yangu kamwona Solfrid wako mjini. Anasema amenawiri." Akasema akiangalia makasia. Mimi si mtoto, nikaelewa. Jioni ile nikaanza kufuma kile kitambaa, na mikono ilikuwa inajua ambacho mdomo ulikataa. Halafu ukaandika kwamba unataka kuja, nami nikakaa wiki nzima natafuta sababu iliyo safi. Ndege ni sababu safi. Hakuna mtu kisiwani atakayebishana nayo. Niliiandika nikafika mahali nikaiamini mwenyewe, nikasali juu yake na kumshukuru Mungu kwa kunipa kazi inayonizuia. Hebu fikiria sala ya namna hiyo ilivyofika juu.

Sasa nikwambie nilichoogopa, ni kidogo mpaka aibu. Niliogopa benchi. Unamkumbuka Torbjørg, binti wa dada yake Lovise. Alipoingia nyumba ya sala na mtoto wake miaka miwili iliyopita, akakaa karibu nami, mimi nilinyanyuka nikahama. Nilichukua kitabu changu cha nyimbo na mkoba nikaenda benchi la ukutani kana kwamba nafuata joto la jiko. Lovise aliniona. Tumechota maji kisima kimoja tangu siku ile na hajawahi kulitaja, na kutolitaja kwake ndiko kunaniuma. Nilikuwa nawaza, siku Solfrid akiingia, nani atahama? Na mimi nitakuwa na uso gani?

Ndiyo hayo. Mama yako amefundishwa na wachungaji watano, na hayo ndiyo aliyojifunza.

Juzi nilikuwa nimekaa kwenye mawe natazama jike moja linalolalia kwenye ngazi ya kisima. Mvua ya mawe ilipiga, kubwa. Halikutikisika. Lilitanua mbawa tu kidogo pembeni, ikalipiga mgongoni na kichwani, likafumba macho. Sikujifunza kitu kipya pale, nakwambia ukweli, nimeyaona hayo miaka thelathini. Ila safari hii nilishindwa kuendelea kulitazama. Nikaingia ndani nikachukua kalamu.

Njoo. Njoo Alhamisi ya tarehe thelathini na mashua ya Peder, wewe na mtoto. Kwenye kifurushi nimeweka sketi yangu ya kazi, sweta la kahawia na kilemba changu. Sikuzifua na wewe usizifue, harufu ndiyo kazi yake. Mimi nina zile zenye viraka, zimefumwa kwa sufu ile ile. Vaa zote kabla hujapanda mashua. Mtoto muweke ndani ya sweta, kichwa chini ya kidevu chako. Mnyonyeshe hapo mwamba wa nje ashibe alale. Nitakuja mwenyewe kukupokea kwa mashua ndogo. Utatembea nyuma yangu, si kando yangu, unyayo wako juu ya unyayo wangu. Usimtazame ndege machoni. Nami nitaguna kwa pua kama ninavyofanya, nawe guna hivyo hivyo. Dirishani nitakusukuma, nimeweka kigoda.

Kuhusu karatasi, sikwambii tia, sikwambii usitie. Nimepoteza haki ya kuamua. Ila usije ukatia sahihi ukidhani huna mlango. Unao, hata kama wa kwetu kwa sasa ni dirisha.

Peder anaguna kule mwambani. Nisamehe, au nisamehe baadaye, lakini njoo.

Mama yako,
Gudlaug


Grønnvær, 6 Juni 1957

Dada Ragna mpendwa,

Nakushukuru kwa siku ulizoniruhusu, na kwa kopo la maziwa ulilonipa mlangoni. Mtoto anaendelea vizuri na anapiga chafya akinusa moshi.

Ulisema nikishaamua nikuandikie kwa ufupi. Nitajaribu, ingawa nadhani ufupi hautatosha kukueleza.

Tulifika Alhamisi, bahari shwari. Nilivaa nguo za mama, zinanuka ng'ombe. Alikuja kutupokea kwenye mwamba wa nje. Hatukuwa tumeonana tangu Krismasi ya mwaka juzi. Alifunua shingo ya sweta kwa kidole, akamtazama mtoto kwa muda, akasema, "Ana pua ya baba yako, maskini." Kisha akapiga makasia akiwa amegeuza uso.

Kutoka gatini hadi nyumbani kwetu ni mwendo mfupi, lakini msimu huu ndege wanalalia pande zote mbili za njia, chini ya mawe, chini ya mashua iliyopinduliwa, kwenye masanduku, kila mahali. Mama mbele akiguna kwa pua, mimi nyuma nikikanyaga alipokanyaga. Hakuna aliyenyanyuka. Mmoja aliinua kichwa, akaniangalia, akakirudisha. Mtoto alikuwa amelala. Nilidhani tumeshafika.

Kwenye ukuta wa mawe alikuwa amechutama jirani yetu Lovise, akiwalinda wa kwake dhidi ya kunguru. Alitutazama, akanong'ona kama tunavyonong'ona sote, "Gudlaug, leo una vivuli viwili? Na hicho kifuani mwa kivuli ni nini, samaki?"

Tungeweza kupita. Mama angenong'ona neno lolote, na mpaka mwisho wa Juni asingejua mtu. Nilimwona bega lake limesimama. Akageuka akasema, si kwa mnong'ono, kwa sauti ile ya kuitia mashua iliyo mbali:

"Huyu ni mjukuu wangu! Binti wa Solfrid. Amezaliwa tarehe nane Mei!"

Dada Ragna, sijui nikuelezeje. Nina miaka ishirini na mbili na sijawahi kumsikia mama yangu akipaza sauti mwezi wa Mei. Baba alipofariki alilia uso ukiwa kwenye mto wa kulalia. Ndege wakanyanyuka. Mteremko mzima ulinyanyuka kwa mpigo mmoja, mbawa zikatupiga upepo usoni, mtoto akaamka akalia kwa nguvu zake zote, na mama akasimama palepale katikati, mikono chini.

Lovise naye akasimama. Ndege wake pia walikuwa wamekwenda. Nilidhani atatupiga. Akasema kwa sauti ya kawaida, kwa kuwa hakukuwa tena na cha kulinda, "Basi Jumapili utakaa benchi gani, Gudlaug?"

"La mbele," mama akasema. "Na wewe usogee, tuko watatu."

"Torbjørg atakuja na wa kwake."

"Aje."

"Wa kwake anatembea sasa. Atatukanyaga viatu."

"Atukanyage, Lovise."

Lovise alitoka ukutani. Kisha akaja akanishika mkono, akamwambia mtoto, "Na wewe nyamaza, umeshasikika." Sote tukacheka, mama akicheka na kulia, hana hata leso, akajifuta kwa kilemba.

Wengi walirudi kabla ya chakula cha mchana. Si wote. Viota vitano karibu na ukuta vilipoa, viwili vya kwetu na vitatu vya Lovise. Mama aliyagusa mayai kwa mgongo wa kidole, moja moja, akayafunika na mwani. Nikamwambia pole, nimekuharibia. Akanijibu, "Hukuwatisha wewe. Niliwatisha mimi, na nilijua." Lovise naye hakumdai neno, ila alikaa kimya siku mbili, na alikuwa na haki.

Jumapili ilikwenda kama ilivyokwenda. Watu wawili walinyanyuka wakahamia ukutani. Mama akasogea akajaza nafasi yao, akamwita Torbjørg akae.

Hajaniuliza hata mara moja nimeamua nini. Asubuhi anaondoka kuzungukia viota, na nikiamka nakuta maji ya moto ya kumwogeshea mtoto yamefunikwa, na yeye hayupo. Nadhani anaogopa akikaa atasema. Leo nimemwambia kabla hajatoka dirishani. Alikuwa mguu mmoja ndani na mwingine nje. Alibaki hivyo hivyo, amekalia kizingiti, hakurudi wala hakutoka, mpaka nilipomwekea mtoto mikononi.

Kwa hiyo karatasi nakurudishia bila sahihi. Tafadhali waambie wale watu wa Steinkjer kwa upole. Sijawaona lakini nafikiria kile kitanda walichokipaka rangi, na ninawaombea wapate mwingine wa kulala humo. Waambie si kwamba hawakufaa.

Nafasi ya jina la mtoto nimeijaza, ni Jorunn. Nafasi ya jina la baba nimeiacha. Na pale chini palipoandikwa makazi ya mtoto, ambapo tuliacha wazi siku ile kwa kuwa hatukujua tuandike nini, nimeandika mwenyewe kwa wino: Grønnvær, kwa bibi yake.

Wako kwa heshima na shukrani,
Solfrid